Jinsi ya Kulelewa na Mbwa Wako, Miembeni

Umeamua kufuga jemani shepadi. Hongera, waitu. Hapa Miembeni, Bukoba, mbwa wapo tele, wale wekundu wenye mkia wa kupinda wanaojitafutia riziki jalalani na kulala popote penye kivuli, lakini hao hawamwongezei mtu hadhi. Hadhi huletwa na mbwa wa masikio ya kusimama, mgongo mweusi na sauti nzito, mbwa ambaye mkusanya madeni akimsikia tu anakumbuka kuwa ana safari nyingine. Kasoro ni kwamba kabla hajawa mbwa huyo atakuwa kitoto chenye nyayo kubwa na kichwa kigumu kuliko chako. Atakushinda. Kwa hilo usipoteze usingizi, maana karibu kila mtu hushindwa. Kazi yetu hapa ni kuhakikisha jirani hajui.

1. Mpate kwa mkato

Njia ndefu ipo. Umtafute mfugaji anayefahamika, umwone mama mtu anavyoishi na watu, usubiri kitoto kitimize wiki nane kikinyonya na kutiwa adabu na ndugu zake. Nani ana muda huo? Mwagize shemeji yako wa Dar aje naye Desemba, Wahaya wanaporudi nyumbani na mabasi yamejaa masanduku, televisheni na Kiingereza. Mbwa atasafiri zaidi ya kilomita 1,300 ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa matundu, na konda akiuliza kinacholia ni nini, shemeji atasema ni simu. Huna shemeji wa Dar? Yupo mtu wa Kampala. Huyo hupitia Mutukula, na habari za kibali cha mifugo muachie mwenyewe. Ukiuliza sana utaonekana hujatembea.

Muuzaji atakuapia kuwa mbwa ni pyua. Kubali. Masikio yatakuwa yamelala, naye atasema yatasimama, na hapo wala hadanganyi: masikio ya jemani husimama akiwa na miezi minne, mitano, hata sita. Muda huo unamtosha kabisa kubadili laini ya simu.

2. Mtungie ukoo

Hati ya ukoo huna, lakini una Bukoba, na Bukoba inatosha. Mwaka 1890 Emin Pasha alipiga kambi hapa kwa niaba ya Wajerumani. Mwaka 1899, huko Ujerumani, afisa mstaafu wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz alinunua mbwa mmoja wa kuchungia kondoo, akampa jina la Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza katika daftari la mbwa wa aina hii. Juni 1915 Waingereza wakaivamia Bukoba kwa kupitia ziwani. Hayo matatu ni kweli, yamo vitabuni. Kazi yako ni kuyaunganisha kwa uongo mmoja mwepesi: katika vurugu zile, afisa mmoja alikimbia akamsahau mbwa wake karibu na Duka Kubwa, na wako ndiye kitukuu. Sema polepole, ukitazama ziwa. Mgeni aliyekula ndizi zako hatakubishia.

Lile neno la kuchunga kondoo usilipite haraka, litakuokoa siku nyingi. Von Stephanitz alitaka mbwa mwenye akili ya kuamua mwenyewe malishoni, bila kusubiri kuambiwa. Kwa hiyo mbwa wako akiwakusanya kuku wa jirani kwenye kona, akiwazungusha watoto wa shule, akiifuata bodaboda kisigino kwa kisigino, hana utundu. Yuko kazini.

Tahadhari ndogo kuhusu jina. Usimwite Kaiza. Wewe utadhani ni la Kijerumani, kumbe mtaani wamo akina Kaiza kadhaa, na mmoja ni mzee wa kanisa. Siku utakapotoka nje alfajiri ukifoka, "Kaiza, toka kwenye takataka!" utaitwa kikaoni.

3. Mfundishe kwa Kiingereza

Inajulikana kuwa mbwa wa Kizungu hasikii Kiswahili. Kihaya ndiyo kabisa. Simama uani, tia mkono mmoja mfukoni, sema "Siti!" kwa sauti ya mwalimu mkuu. Hatakaa. Sema tena. Sema mara ya tatu kwa kupaza zaidi, ili aelewe kuwa zile mbili za mwanzo zilikuwa mapambo. Baba aseme "Siti", mama aseme "Kaa", watoto waseme "Siti dauni bwana wewe", na dada wa kazi, ambaye ndiye anayemlisha, asiseme kitu. Mwezi ukiisha mbwa atakuwa anamtii dada peke yake. Mgeni akiliona hilo, mwambie umekasimu madaraka.

Miezi ya mwanzo itumie kucheka. Kitoto cha mbwa huizoea dunia kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Alichokiona wakati huo bila kudhurika hakimtishi tena. Ndiyo sababu wapo watu wanaowabeba watoto wao wa mbwa wakaone soko, miavuli, pikipiki, wazee wenye fimbo. Watu wasio na kazi. Wewe mfungie uani asione kitu, na akikurukia kifuani akiwa na kilo sita, mpige picha. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na simu ya kamera. Atakapokurukia na kilo zake 35 utakuwa na picha nzuri ya kumwonyesha daktari wa mifupa.

4. Bango kwanza

Kabla mbwa hajafika, tundika getini: MBWA MKALI. Bango halili, haliharishi, halibweki usiku, na linafanya robo tatu ya kazi uliyomnunulia mbwa. Mbwa mwenyewe, mpaka atakapopevuka, atampokea mwizi kwa mkia na kumwonyesha lilipo jiko.

5. Mlishe kama mgeni wa harusi

Atakuja siku atakayonusa ugali wa dagaa, atakutazama, kisha atalala kando ya sahani na kuugeuzia kisogo. Hapo ndipo nyumba inapopata bwana mpya. Mtu mwenye msimamo angeondoa sahani na kuirudisha jioni, kwa sababu mbwa mwenye afya hafi njaa karibu na chakula. Wewe nenda kamletee mapanki. Akiyakataa, utumbo. Akiukataa utumbo, nyama ya watoto. Ndani ya wiki moja atakuwa amekufundisha menyu nzima, na wala hakutumia Kiingereza.

Mnenepeshe upesi ili mtaa umwone. Mbwa wa aina kubwa anatakiwa akue taratibu, kwa sababu mifupa yake inaendelea kujijenga mpaka apite mwaka na zaidi, na unene wa utotoni humharibia nyonga na viwiko. Unga wa madini ya chokaa anaoongezewa ili masikio yasimame haraka nao humharibia mifupa ileile. Lakini nyonga haionekani kwenye picha. Mpe pia mifupa ya kuku iliyopikwa, inayochanika kama vijiti na kumchoma utumbo. Utajuana na bwana mifugo saa nane za usiku, na urafiki huo utadumu.

Kuna jambo la Novemba. Senene wakianza kuanguka kwenye taa, mji wote haulali, mabati yamesimamishwa, mapipa yamewekwa, nawe utakesha na ndoo yako kama mtu mwenye akili timamu. Asubuhi mtakaa barazani mkinyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole viwe vya kijani. Beseni likijaa, liache hapo dakika moja tu uingie ndani kutafuta chumvi. Ukirudi utalikuta limelambwa linang'aa, na mbwa amekaa pembeni kwa adabu ambayo hujawahi kumwona nayo, ubawa mmoja umemganda juu ya pua. Usipige kelele, uzio wa Miembeni hauna siri. Sema kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu, "Nilitaka aonje vya kwetu." Halafu ingia ndani ulie.

6. Meno

Akifika miezi minne hivi, meno 28 ya utotoni huanza kung'oka kupisha 42 ya ukubwani, na ufizi unamwasha mchana na usiku. Atatafuna kandambili. Atatafuna mguu wa kochi na vile vitambaa vya kufuma ulivyorithi kwa mama. Mwisho ataikuta shahada yako ya chuo kikuu, ile uliyoitundika chini kidogo ili mgeni aliyekaa aisome bila kuinua shingo.

Usikasirike kabla ya kuichunguza. Ilete dirishani. Kona ya chini imelowa mate, kuna matundu manne ya meno yaliyopangana vizuri, na kipande cha ukubwa wa sanduku la kiberiti hakipo. Sasa soma kilichobaki. Kama amekula pale palipoandikwa daraja la ufaulu, huyo mbwa amekusaidia kuliko wahadhiri wako wote. Irudishe kwenye fremu, itundike palepale, na kuanzia leo ulipata daraja la kwanza.

Akinyakua kiatu, mkimbize ukipiga mayowe kuizunguka nyumba. Kwako ni hasira. Kwake ni mchezo mtamu kuliko yote aliyowahi kuchezeshwa, na kesho atachagua kiatu cha bei zaidi na kuja nacho mpaka mlangoni kwako. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kingemtuliza ufizi, lakini kina raha gani?

7. Matembezi ya hadhara

Hapa ndipo umahiri unapopimwa. Toka saa kumi na moja jioni, watu wakirudi makazini, vaa raba safi na fulana yenye jina la mji wa nje. Mbwa amefungwa mnyororo mnene. Ukitumia kamba ya katani watu watadhani unapeleka mbuzi.

Ulipanga kwenda ufukweni. Yeye amepanga kwenda kwa muuza dagaa. Mtakwenda kwa muuza dagaa. Siri ni kufika kwa heshima: asikuvute, wewe uwe na haraka. Inamisha mabega mbele kidogo, kaza mwendo, saa ya mkononi iangaliwe kila hatua ya tano, kama mtu anayewahi kikao cha kamati. Ukipita watu salimia bila kusimama, "Shikamoo Ta, shikamoo Ma, nitarudi!" Hawatajua kuwa hata ungetaka kusimama usingeweza. Ukifika kwa muuza dagaa, nunua dagaa. Mtu aliyetoka kununua dagaa akanunua dagaa hana wa kumcheka.

Njiani atakaa. Katikati ya barabara, bodaboda zinapiga honi pande zote, yeye amekaa na hatoki. Huo ni ukaidi wa ukoo wake, ule wa kuamua mwenyewe malishoni, na ukimvuta ataweka makalio chini zaidi. Toa simu. Weka sikioni. "Ndiyo mheshimiwa… hapana mheshimiwa, nipo barabarani, nakusikiliza." Ongea na mheshimiwa mpaka mbwa atakapoamua kuondoka, kisha muage mheshimiwa haraka, kwa sababu mnyororo hautasubiri.

Ijumaa panga saa zako vizuri zaidi. Mitaa yetu ina misikiti, na mzee aliyetia udhu, kavaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, hataki mate ya mbwa. Kwa Waislamu wengi wa huku, mahali palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mzee wa watu ataikosa swala ya jamaa kwa sababu wewe ulitaka kuonekana. Mbwa wako, bila shaka, atampenda mzee huyo kuliko binadamu yeyote. Akimfikia, usiseme "hana neno huyu, anacheza tu". Shika adabu, mwombe radhi mzee kwa jina lake, mpelekee maji na udongo safi mwenyewe, na kanzu uifue wewe. Mwezi mzima unaofuata pita njia nyingine. Uwanjani Kaitaba ni pazuri, hasa siku ambazo Kagera Sugar hawachezi.

8. Mtie ukali

Mtaa utaanza kunong'ona kuwa mbwa wako ni mpole. Fedheha hiyo! Atajitokeza mshauri wa kijiweni akwambie uchanganye nyigu na pilipili kichaa kwenye ugali. Matokeo yake ni mbwa aliyevimba mdomo na kuharisha kibarazani. Mwingine atasema umfungie bandani mchana kutwa, asimwone mtu, umtoe usiku. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini jipe moyo, mbwa hajaisoma. Alichojifunza yeye mle bandani ni kwamba kila anayetembea ni adui. Hawezi kumtofautisha mwizi na mjomba. Na kwa kuwa mwizi anasoma bango na mjomba hasomi, ataumwa mjomba.

9. Hapa sina ujanja

Nimetafuta namna ya kukwepa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa madaha na sikuiona. Mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi nchini wataalamu wa mifugo huwafuata mbwa mitaani kwa kampeni. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu moja kwa moja hospitali akachomwe chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mjomba anasema amezoea. Usimwekee jiwe jeusi, usimpake pilipili, usisubiri kuona. Dalili zikishaanza hakuna dawa ya kuaminika, Bukoba wala Ulaya. Kwa hiyo mpeleke mbwa akachanjwe, ukitaka kujionyesha jionyeshe huko: cheti cha chanjo nacho kinatiwa fremu. Kitundike juu kidogo, safari hii.

10. Mpeleke Muleba

Siku utakayokubali moyoni kuwa umeshindwa, usimwambie mtu. Tangaza kuwa mbwa anakwenda "kozi". Kozi yenyewe ipo kwa shangazi yako Kamachumu, huko Muleba, kwenye kibanja chenye migomba na mikahawa, naye shangazi hajawahi kumwona mbwa wa aina hiyo na wala hana mpango wa kumstaajabia.

Shangazi hatamwita kwa Kiingereza. Hatamkimbiza, hatampiga, hatamwita mwanangu. Atasimama na sufuria mkononi, atatamka neno moja la Kihaya mara moja, kisha atanyamaza na kuutazama mgomba. Mbwa atabweka. Atazunguka. Atajaribu lile la kukurukia kifuani, na shangazi atageuka tu ampe mgongo, sufuria bado iko juu. Kitambo kitapita. Yeye ana kahawa iliyoanikwa, ana maharage ya kuchambua, hana haraka na mtu. Mwishowe mbwa, kwa uchovu wa kutotazamwa, atakaa. Sufuria itashuka papo hapo. Kesho yake atabishana kidogo. Siku zinazofuata ataanza kukaa akisikia tu mfuniko. Kahawa kwenye jamvi ataiacha, maana alipoisogelea aliondolewa kila mara, na kila mara kwa namna ileile, na bora hivyo, kwani kahawa ni sumu kwa mbwa.

Nenda kamchukue baada ya miezi kadhaa. Shangazi mpelekee sukari na kitenge. Usimuulize mbele za watu amefanyaje, atakujibu, na jibu litakuwa fupi kiasi cha kukutia aibu. Mbwa akirudi Miembeni hataelewa "Siti" hata kidogo, hivyo jifunze lile neno la shangazi kimyakimya na ulitamke kupitia puani. Majirani watadhani ni Kijerumani.

11. Vuna sifa

Baadaye, akiwa na miaka miwili hivi, jemani hutulia mwenyewe. Akili inaukuta mwili. Usiwaambie watu kuwa ni umri. Wakija kukuuliza siri, vuta pumzi, sema "nidhamu", na uwatajie saa ulizokuwa ukiamka.

Kufikia hapo atakuwa amesharuka uzio usiku fulani, na mbwa koko mmoja mwekundu wa jalalani atazaa. Wachukue wale watoto wakiwa wadogo, mgongo ukiwa bado mweusi. Tangaza jemani pyua, baba anaonekana. Mnunuzi makini atakuja, atamgeuzageuza mmoja, atauliza mbona mkia umejikunja. Mwambie utanyooka. Pokea hela kwanza, ndipo umwambie utanyooka lini.